Diski Mbili Zilizotoka Jos: The Enemy of the World na The Web of Fear

Nianze na onyo kwa mnunuzi wa Nairobi. Diski za DVD za Uingereza hufungwa ili zichezwe na deki za eneo la 2, mojawapo ya maeneo ambayo dunia imegawanywa kwa ajili ya DVD, ilhali Kenya, pamoja na sehemu kubwa ya Afrika, imewekwa katika eneo la 5, na ndiyo sababu deki yangu ya sebuleni, ambayo haijawahi kukataa diski ya harusi wala ya kwaya, ilizitema hizi mbili mara tu nilipozitia. Ilinibidi niende Luthuli Avenue kutafuta deki inayosoma maeneo yote, na huko sikupata shida, kwa kuwa wauzaji hulijua swali hilo kabla hujalimaliza.

Kilichonihangaisha hivyo ni tamthilia ya kisayansi ya Doctor Who, ambayo BBC ilianza kuirusha tarehe 23 Novemba 1963, na ambayo mhusika wake mkuu, anayeitwa Daktari tu, husafiri katika wakati na anga ndani ya kibanda cha polisi cha rangi ya buluu. Diski ya kwanza ni The Enemy of the World, iliyotolewa mwishoni mwa mwaka 2013, na ya pili ni The Web of Fear, iliyofuata mapema mwaka 2014. Kila hadithi ina sehemu sita zenye picha nyeusi na nyeupe, na katika zote mbili Daktari ni Patrick Troughton, mwigizaji wa pili kulishika jukumu hilo. Kwa miongo kadhaa hapakuwa na mtu aliyeweza kuzitazama, kwa sababu kila moja ilikuwa imebakiwa na sehemu moja pekee: ya tatu kwa hadithi ya kwanza, na ya kwanza kwa hadithi ya pili.

Sehemu nyingine hazikuungua wala kuibiwa; zilifutwa na BBC wenyewe. Kanda za video za miaka ya 1960 zilikuwa ghali na ziliweza kurekodiwa upya, mikataba na waigizaji iliwekea mipaka idadi ya marudio, na hakuna aliyedhani kwamba siku moja mwananchi angenunua kipindi akakiweka kwenye rafu yake. Kilichoweza kuokoka ni nakala za filamu ya milimita 16 zilizotengenezwa kwa ajili ya kuuzwa nchi za nje, nazo zilipatikana kwa kuelekeza kamera ya filamu kwenye kioo cha runinga na kupiga picha ya kile kinachoonyeshwa. Mjomba wangu, aliyetengeneza runinga River Road kwa miaka mingi, hakuhitaji kuelezwa hayo. Alisogeza kiti karibu, akatazama kwa dakika moja, akasema, “Hii ni picha ya kioo, mpwa wangu, si picha ya watu.”

Nakala hizo zilisafiri kutoka kituo kimoja cha runinga hadi kingine, na Afrika ilizipokea kwa wingi. Nigeria, Zambia na Sierra Leone zilikuwa miongoni mwa wanunuzi. Vituo vilitakiwa kuzirudisha, kuziharibu au kuzipeleka kwa mnunuzi mwingine baada ya kuzionyesha. Mahali fulani agizo hilo halikutekelezwa, na Mwingereza Philip Morris, ambaye kazi yake ni kusaka filamu zilizopotea, akaikuta mikebe yenye vumbi katika stoo ya kituo cha kurushia matangazo mjini Jos, Nigeria. Ndani yake mlikuwa na sehemu tisa ambazo hazikuwepo kwingine kokote, na habari hiyo ilitangazwa Oktoba 2013. Mimi huona fahari kidogo katika jambo hili, ingawa sikuchangia lolote: makao makuu ya London yalifuta, stoo ya Jos ikatunza.

Sasa nizungumzie diski zenyewe, na hasa The Enemy of the World, kwa kuwa ndiyo iliyonishangaza. Hadithi hii ilirushwa kati ya Desemba 1967 na Januari 1968, na baada ya kufutwa ilipata sifa mbaya isiyostahili. Sehemu ya tatu, iliyosalia peke yake, ndiyo yenye maneno mengi na matendo machache kuliko zote, na watu waliihukumu hadithi nzima kwa kipande hicho. Ni kweli kwamba sauti za sehemu zote zilikuwepo, kwa sababu watazamaji wa enzi hizo walizinasa nyumbani kwa tepu rekoda. Hata hivyo, hadithi hii haiwezi kusikilizwa tu. Troughton anaigiza watu wawili: Daktari, mtu mpole mwenye mzaha na nywele zisizochanwa, na Salamander, dikteta anayefanana naye kama shilingi kwa ya pili. Zaidi ya hapo, kuna nyakati ambapo Daktari anajifanya Salamander, na tofauti kati ya Salamander halisi na Salamander wa bandia imo katika namna ya kusimama, katika pembe ya mdomo na katika jicho linalosita nusu sekunde. Katika kanda ya sauti hayo yote yalikuwa kimya.

Sehemu ya kwanza inafunguka kwenye ufuo wa bahari, Troughton akikimbilia majini akiwa na nguo za ndani tu kama mtoto aliyetoroka shule, na kabla hujatulia kuna helikopta, chombo kinachoelea juu ya mchanga, na watu wenye bunduki. Mwongozaji ni Barry Letts, na ni wazi kwamba alitumia fedha nyingi mwanzoni, kwa maana kadiri hadithi inavyosonga ndivyo vyumba vinavyopungua na korido zinavyoongezeka. Kuna mfungwa anayelindwa koridoni, na mwandishi, David Whitaker, ametafuta sababu ya kumweka hapo. Mjomba alicheka sana.

Njama yenyewe imezeeka vizuri. Salamander amepata umaarufu duniani kwa kukusanya nguvu za jua na kuwalisha wenye njaa, huku matetemeko na volkano zinazowaangamiza wapinzani wake zikitokea kwa wakati unaomfaa. Msomaji wa hapa kwetu hatahitaji maelezo marefu kuhusu kiongozi anayegawa chakula kwa mkono mmoja. Siri ya wapi matetemeko hayo yanatoka inafunuliwa katika sehemu ya nne, nami sitaifichua, ila niseme kwamba ndiyo wakati ambapo mjomba aliacha kikombe chake cha chai kikapoa. Nimpongeze pia Carmen Munroe, mzaliwa wa Guyana, kama Fariah, mwanamke anayelazimishwa kuonja chakula cha Salamander. Jukumu ni dogo, lakini anaposimama nyuma ya bwana wake bila kusema neno, unaona chuki yote. Kasoro inayoudhi ni kwamba Salamander ni Mmeksiko, na Mwingereza Troughton amepakwa rangi na kupewa lafudhi ya kuigiza.

Kuhusu The Web of Fear nitakuwa mfupi, kwa kuwa sifa zake zilitangulia na inazistahili. London imehamwa, utando umejaa katika njia za treni za chini ya ardhi, na kikosi kidogo cha askari kimezingirwa na Yeti, madude yenye manyoya yanayoongozwa na akili isiyo na mwili. Douglas Camfield aliongoza kama mtu anayepiga picha za vita, na pambano la mitaani katika sehemu ya nne lina mwendo ambao runinga ya mwaka 1968 haikuuzoea. Shida ni sehemu ya tatu. Haimo. Kwa maelezo ya Morris mwenyewe, mkebe wake ulikuwepo alipoiona mikebe ile mara ya kwanza, ukatoweka kabla haijasafirishwa. Nafasi yake kwenye diski imejazwa na picha tuli zilizopigwa kutoka kwenye kioo enzi hizo, zikiambatana na sauti asilia, na uchungu unazidi ukijua kwamba hapo ndipo afisa wa jeshi Lethbridge-Stewart (mwigizaji Nicholas Courtney), mmoja wa wahusika wapendwa zaidi wa tamthilia nzima, anapomkuta Daktari kwa mara ya kwanza. Toleo la mwaka 2021 limeijaza kwa vikaragosi vya kompyuta; nimevitazama, na bado napendelea picha tuli, ambazo angalau zina nyuso za watu.

Manung'uniko yangu mengine ni madogo. Matoleo haya ya awali hayana nyongeza za maana, na anayetaka maelezo ya utengenezaji wa The Enemy of the World atafute toleo la mwaka 2018. Maandishi ya chini ni ya Kiingereza peke yake, kwa hiyo shangazi, aliyejiunga nasi kwenye sehemu ya pili, alitegemea tafsiri ya mjomba, ambayo ilikuwa fupi kuliko mazungumzo na yenye maoni mengi. Diski ya pili, niliyoinunua ikiwa imeshatumika, ilinifikia na kasha lililopasuka, na muuzaji hakujibu nilipomlalamikia.

Anayeweza kununua moja tu achukue The Enemy of the World. Lakini ajue kwamba inakatika ghafla, kibanda cha buluu kikiwa kinaondoka na milango yake ikiwa wazi, na sekunde ya kwanza ya The Web of Fear inaanzia papo hapo.