Elsamere, Naivasha: nendeni hata kama hadithi ya Elsa mnaijua

Jumamosi nilimpeleka mamangu Elsamere, ile nyumba ya Joy Adamson, yule mama aliyemlea simba jike aitwaye Elsa, iliyo kando ya Ziwa Naivasha, na tangu turudi hajaacha kuiongelea so nimeona niandike kabla sijasahau. Mamangu ni fundi wa nguo, kazi ya cherehani maisha yake yote, na kwetu paka hawahesabiki, maana kila paka aliyetupwa pale sokoni anaishia jikoni kwetu. Nikajua tu atapenda habari za yule simba. Alipenda, lakini kilichomshika ni kitu kingine kabisa.

Kufika ni rahisi. Mjini Naivasha panda matatu za kwenda Kongoni, zinafuata Moi South Lake Road, mtapita kona ya Hell's Gate, mtapita Fisherman's Camp, mwambie tu konda Elsamere atakushusha.

Nyumba yenyewe si jumba, ni nyumba ya kawaida ya mtu aliyekuwa akiishi na kufanya kazi pale, na wameweka makumbusho madogo ya vitu vyake, picha za zamani na michoro. Hapo kwa michoro ndipo tulipokwama karibu saa nzima. Mimi kusema kweli nilikuwa namjua Joy kama mama wa Elsa basi, kumbe huyu mama alikuwa msanii miaka mingi kabla hajamshika simba yeyote. Alizaliwa 1910 huko Troppau, mji ambao leo uko Jamhuri ya Czech, akasomea piano Vienna, akafika Kenya 1937. Hata jina Joy si la kuzaliwa, alikuwa Friederike, ni mume wake wa pili Peter Bally, mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi, aliyeanza kumwita hivyo. Wakizunguka naye porini akaanza kuchora maua, ua kwa ua, mpaka 1947 Royal Horticultural Society, chama cha wapenda bustani na maua cha Uingereza, ikampa medali kwa ajili ya michoro hiyo. Baadaye serikali ya kikoloni ikampa kazi ya kuchora watu wa makabila ya Kenya na mavazi yao ya jadi, na hapo alikaa barabarani miaka, analala kambini, anamtafuta mzee mmoja hapa, bibi harusi kule. Nyingi za hizo picha ziko Makumbusho ya Taifa Nairobi, ukiwa mjini pitia pia.

Sasa mamangu akasimama mbele ya mwanamke mmoja mwenye shanga, akaniita, akaanza kunionyesha na kidole jinsi rangi za shanga zinavyopokezana na mahali ngozi ilipotobolewa ili uzi upite, akasema "huyu hakubahatisha, huyu aliangalia." Halafu akanyamaza. Nyanya yake alikuwa na masikio yaliyotogwa vile vile na nyumbani hatuna picha yake hata moja. Mimi nina maswali yangu kuhusu serikali ya mkoloni kuagiza watu wachorwe kana kwamba wanaisha kesho, na bado nayabeba, lakini pale nilimuona mamangu akimtazama mtu wake na sikuwa na la kusema.

Hadithi ya Elsa nayo ipo, na inaanza vibaya kuliko wengi wanavyokumbuka. 1956 George Adamson, mume wa tatu wa Joy, aliyekuwa askari wa wanyamapori kule kaskazini, alimpiga risasi simba jike aliyemshambulia, kumbe ana watoto watatu wadogo. Wawili wakapelekwa bustani ya wanyama Rotterdam, Elsa akabaki. Kazi ngumu haikuwa kumlea, ilikuwa kumfundisha asiwahitaji tena, awinde mwenyewe, na walifanikiwa kule Meru mpaka akazaa watoto wake watatu na bado akawa anawaleta kambini kuwaonyesha. Alikufa Januari 1961 kwa ugonjwa wa kupe, hata miaka 6 hajafika. Baada ya Elsa, Joy akalea duma, Pippa, halafu chui, Penny, kule Shaba, hifadhi ya wanyama kaskazini mwa Kenya. Na ni Shaba alikouawa 3 Januari 1980, kwanza watu wakasema ni simba, baadaye ikajulikana ni mtu aliyewahi kumfanyia kazi. Nilipomsomea mamangu hiyo alikaa chini. Joy hakuwa mtu mwepesi kuishi naye, wengi waliomjua wamesema hivyo, lakini majivu yake yalipelekwa Meru kwa Elsa na Pippa, nadhani hapo ndipo moyo wake ulipokuwa siku zote.

Halafu kuna chai! Jioni unakaa nyasini chini ya migunga ukiangalia ziwa, unaletewa chai na keki na skonzi, na juu mbega wanaruka na yale manyoya yao meupe marefu kama shali. Shika sahani yako vizuri. Mamangu alikula skonzi tatu na nusu nyingine akaifunga kwa kitambaa, nikajua ni ya paka.

Ukilala huko usitoke nje usiku peke yako, kiboko hupanda kutoka ziwani kula nyasi, muite askari akusindikize. Beba sweta, Naivasha kukiingia giza kuna baridi. Na ingia makumbusho kwanza ndio chai baadaye, sio kinyume, maana ukishakaa pale nyasini hutaki kuinuka tena.

Kwangu ni nyota 5. Mamangu ameshaniuliza ile ya Nairobi tunaenda lini.