Uzoefu wangu na kasha la uvuvi wa nzi bandia kwenye Ziwa Kivu

Kwa miezi minne nimekuwa nikitumia kasha la uvuvi wa nzi bandia nililolinunua kwa dola 70 katika duka moja la hapa Bukavu, na kwa kuwa nimeulizwa mara nyingi ufukweni Nguba kama vifaa hivyo vina thamani ya fedha hiyo, nimeona ni vema nieleze kwa kirefu. Ndani ya kasha mlikuwa na ufito wa vipande vinne wenye urefu wa mita 2.7, gurudumu la kukunjia mshipi, mshipi unaoelea wa rangi ya machungwa, kijisanduku chenye nzi 12, na kitabu chembamba cha Kiingereza kinachosimulia historia ya uvuvi huu tangu zama za Warumi. Muuzaji alikihesabu kitabu kuwa nyongeza, akakitia chini kabisa, chini ya karatasi za kufungia. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, nikaanza na kitabu, na nashukuru kwamba nilifanya hivyo, kwa sababu bila kitabu hicho ningekuwa nimelirudisha kasha lote katika wiki ya tatu.

Sisi tuliokulia kando ya ziwa tunajua kuloba kwa ndoana: unatia mnyoo, unafunga kipande cha risasi, unarusha, na uzito wa risasi ndio unaopeleka chambo mbali na kukizamisha. Uvuvi wa nzi bandia unaupindua mpango huo. Nzi wenyewe ni uzi na manyoya yaliyozungushwa kwenye ndoana ndogo, hawana uzito wa kuruka hata mita moja. Kinachosafiri hewani ni mshipi, ambao kwa makusudi umefanywa mnene na mzito, na mvuvi huurusha nyuma mpaka unyooke, kisha akauleta mbele, nzi akifuata mwishoni na kutua juu ya maji kama mdudu aliyechoka. Kwa hiyo ufito na mshipi lazima vilingane. Tangu miaka ya 1960 watengenezaji hutumia namba zinazotokana na uzito wa mita 9 za mwanzo za mshipi: namba 5 ni kama gramu 9.1, na namba 8 ni kama gramu 13.6.

Hapo ndipo nilipopata hasara yangu. Ufito umeandikwa namba 5, na boksi la mshipi nalo limeandikwa namba 5, lakini kwa wiki tatu kila nilichorusha kilianguka mbele yangu kama rundo la tambi, huku ufito ukipinda hadi mkononi. Nilidhani kosa ni la mkono wangu. Mwishowe nilipima mita 9 kwa futi ya fundi nguo, nikazikunja, nikaenda nazo kwa jamaa anayenunua dhahabu, ambaye mizani yake haidanganywi hata na punje. Ilisoma gramu 13.6. Nilikuwa nimeuziwa mshipi wa namba 8 ndani ya boksi la namba 5, na nilipomrudia muuzaji aliniambia kwamba mshipi ni mshipi. Sikubaliani naye, na ninamshauri yeyote anayetaka kununua kasha la namna hii afike na mizani mkononi, au awe na hakika kwamba atakubaliwa kuurudisha mshipi.

Basi nikarudi kwenye kitabu, katika ukurasa ambao nilikuwa nimeupita haraka. Mwandishi wa Kirumi Claudius Aelianus, aliyeandika kwa Kigiriki mnamo mwaka 200 hivi baada ya Kristo, anaeleza jinsi Wamakedonia walivyovua samaki wenye madoa katika mto Astraeus, ulio kati ya Beroya na Thesalonike. Msomaji wa Matendo ya Mitume anaijua njia hiyo, maana katika sura ya 17 Mtume Paulo aliipita usiku. Wavuvi hao waliona kwamba samaki walipenda mdudu fulani arukaye juu ya maji, lakini mdudu huyo akiguswa na mkono wa mtu anapoteza rangi yake na hafai tena kuwa chambo. Kwa hiyo walizungushia ndoana sufu nyekundu, na juu yake wakafunga manyoya mawili yanayoota chini ya shavu la jogoo, yenye rangi kama ya nta. Ufito wao ulikuwa wa futi sita, na mshipi wao futi sita vilevile. Hawakuwa na gurudumu, na hawakurusha mbali, waliweka tu.

Niliamua kumtengeneza nzi huyo wa Wamakedonia. Sufu nyekundu nilipewa na mama anayefuma sweta za watoto karibu na soko la Kadutu, na manyoya niliyatoa kwa jogoo tuliyemchinja nyumbani Jumapili. Nilibana ndoana ndogo kwa koleo, nikaifunga koleo kwa mpira wa baiskeli ili isiachie, nikaanza kuzungusha uzi wa cherehani kuanzia karibu na tundu hadi pale ndoana inapopinda. Sufu haifai kutumiwa nzima, inaleta uvimbe kama mdudu aliyevimbiwa. Niliifumua nikabaki na uzi mmoja mwembamba, na huo nikauzungusha kurudi mbele, mizunguko ikigusana. Kisha nikashika unyoya mmoja, nikachuna nusu ya chini yenye manyoya laini, nikaufunga kwa ncha na kuuzungusha mara tatu. Nywele zake zilisimama pande zote kama miguu. Nilifunga fundo, nikaomba kwa mke wangu tone la rangi ya kucha, nikalitia juu ya fundo, nikaacha likauke usiku kucha.

Asubuhi nilitelemka ziwani na ufito, lakini gurudumu na mshipi mzito niliviacha nyumbani. Kwenye ncha ya ufito nilifunga uzi mwembamba wa plastiki wenye urefu sawa na ufito wenyewe. Mzee mmoja jirani yangu, ambaye alivua sambaza usiku kwa miaka mingi katika ile mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, alikuwa ameketi juu ya jiwe akishona wavu. Alinitazama kwa muda, kisha akasema: «Mwalimu, usiyapige maji. Samaki wa hapa kando anakula kilichoanguka, hali kilichotupwa.» Nikamjibu, «Ndiyo, mzee wangu,» nikamweka nzi polepole kando ya mawe, pale kivuli cha mparachichi kinapoingia majini. Mara ya tano au ya sita, maji yalifanya duara dogo, uzi ukanyooka, na nikamtoa samaki wa ukubwa wa kiganja, mmoja wa hao tunaowaita ndugu, wa jamii ya haplokromisi. Kabla ya jua kuwa kali nilikuwa nimepata saba. Nzi 12 wa kasha walikuwa wameshinda wiki tatu majini bila kuguswa, na sababu niliiona siku hiyo nilipowalinganisha: ndoana zao zimepimwa kwa kinywa cha trauti, samaki wa mito ya Ulaya, na mdomo wa ndugu hauwezi kuzimeza.

Jambo hili lilinifanya nikisome upya kitabu kizima kwa heshima. Sura inayofuata inahusu andiko la Kiingereza juu ya uvuvi, lililochapwa Westminster mwaka 1496 na Wynkyn de Worde, ambalo kwa desturi hutajwa kuwa la mtawa Juliana Berners, ingawa wanahistoria wengi wana shaka na jambo hilo. Humo mna nzi 12, kila mmoja na majira yake, pamoja na maelezo ya kusuka mshipi kwa nywele za mkia wa farasi na kuutia rangi ya maji. Muuzaji hakujua kwa nini kijisanduku chake kina nzi 12 na si 10. Mimi nadhani hesabu hiyo imetoka huko. Lakini kilichonigusa zaidi ni maonyo ya mwishoni: usivunje ua wa mtu, funga lango ulilofungua, usivue katika maji ya maskini bila ridhaa yake, wala usiwe na uroho wa kuchukua samaki wengi kwa mara moja. Ninaandika haya nikiwa nimeona kwa macho yangu neti za mbu zikikokotwa ufukweni kwetu na kutoa vifaranga vya samaki visivyofika hata urefu wa kidole, na natamani ukurasa huo ungebandikwa kila gati la ziwa hili.

Kisha anakuja Izaak Walton, mfanyabiashara aliyezaliwa Stafford mwaka 1593, ambaye kitabu chake cha uvuvi cha mwaka 1653 kimeandikwa kwa mazungumzo ya mvuvi na msafiri wakitembea pamoja, mmoja akifundisha na mwingine akiuliza. Wenzangu watashangaa kusikia kwamba Walton mwenyewe alikuwa hasa mvuvi wa chambo; sehemu nzito kuhusu nzi iliandikwa na rafiki yake kijana, Charles Cotton, ikaongezwa katika toleo la 1676. Walton alikuwa upande wa mfalme, na mfalme alikuwa ameuawa mwaka 1649 baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Katika nchi iliyopasuka hivyo, mzee wa miaka sitini aliketi akaandika habari za mto, mvua chini ya mti na wimbo wa msichana akamuaye maziwa. Anayeishi Kivu hahitaji kuelezwa kwa nini mtu angefanya hivyo.

Sura za mwisho, juu ya Frederic Halford aliyetetea nzi anayeelea tu, na G. E. M. Skues ambaye mwaka 1910 alitetea nzi anayezama kama kiluwiluwi cha mdudu, ni ugomvi wa mito itokayo kwenye miamba ya chokaa kusini mwa Uingereza, na kwa mvuvi wa hapa zina faida ndogo. Pia kitabu kimefungwa vibaya: kurasa nane zimeachia.

Ufito ni mzuri kweli, mwepesi, na viungo vyake havilegei hata baada ya siku nzima. Gurudumu limeanza kupata kutu kwenye skrubu mbili. Nzi wa kasha nimewafumua na kutumia tena manyoya yao. Anayeishi kwenye miteremko ya Muhumba au Nguba ajue vilevile kwamba mrusho wa kawaida unahitaji nafasi wazi nyuma, na nyuma yetu kuna kuta, mikaratusi na kamba za kuanikia nguo. Ajifunze kwanza mrusho wa kuviringisha, ambao mshipi hauendi nyuma. Kama duka lingekubali kuuza ufito na kitabu peke yake, ningelipa dola 45 bila kusita.

Mshipi wa namba 5 nimeuagiza kupitia kwa binamu yangu anayerudi mwezi ujao. Ukifika, nitaupitisha kwanza kwenye mizani ya dhahabu.