Lenzi za kubana kwenye simu kwa wadudu wa majini: ipi ununue, ipi uiache

Nikiwa nimechutama kando ya mto Morogoro, simu mkononi na lenzi imebanwa mgongoni mwake, mpita njia huuliza swali lilelile: "Hiyo inakuza mara ngapi?" Dukani nako ndilo swali la kwanza, na ndilo linalowapotezea watu fedha. Kwa mdudu anayeishi majini swali la maana ni jingine: lenzi yenyewe inataka imkaribie kiasi gani ndipo imwone?

Hesabu yake ni fupi. Gawanya milimita 250 kwa namba iliyoandikwa kwenye lenzi, na jibu ni takriban umbali unaotakiwa kati ya kioo na mdudu. Lenzi ya ×10 inataka milimita 25. Ya ×25 inataka 10. Ya ×100 inataka milimita mbili na nusu. Hapo kioo kimeshalowa, simu imemziba mdudu mwanga, na kiluwiluwi wa mbu, ambaye hukimbia kivuli, ameshazama chini ya kopo.

Kabla ya kutoa fedha, ijaribu simu uliyo nayo. Tangu iPhone 13 Pro ya mwaka 2021, baadhi ya simu za bei kubwa zinaweza kupiga picha ya kitu kilicho sentimita 2 tu kutoka kwenye kamera yao pana, ile inayoona eneo kubwa. Ukiwa na simu ya namna hiyo, piga kwanza kiluwiluwi mmoja kwenye kijiko cheupe. Huenda huhitaji kununua kitu. Ile kamera ndogo ya makro, yaani ya kupiga vitu vidogo kwa karibu, ya megapikseli 2 iliyo kwenye simu nyingi za bei ya chini ni habari nyingine. Fokasi yake haisogei na picha zake hazina undani. Lenzi nzuri iliyobanwa juu ya kamera kuu huishinda kwa mbali.

Nafasi ya kwanza naipa lenzi ya ×10 hadi ×12 iliyotengenezwa kwa vioo zaidi ya kimoja. Ukiibana juu ya kamera kuu, simu nyingi huonyesha takriban milimita 30 za rula kutoka ukingo mmoja wa picha hadi mwingine. Kiluwiluwi aliyekaribia kuwa pupa, hatua ya mwisho kabla ya kuwa mbu kamili, ana milimita kama 6 au 7, kwa hiyo anakaa vizuri katikati na bado unaweza kuikata picha bila kumharibu. Hapo ndipo unapomtambua. Anopheles, anayeambukiza malaria, hulala sambamba na uso wa maji kwa sababu hana mrija wa kupumulia. Culex na Aedes, mbu wa aina nyingine, huning'inia kichwa chini, mrija umegusa juu. Mrija wa Culex kwa kawaida ni mrefu na mwembamba, wa Aedes mfupi na mnene. Kampuni ya Moment wanauza lenzi ya ×10 yenye kikombe cheupe kinachotawanya mwanga, na kikombe hicho ni msaada mkubwa kwa kitu kinachong'aa kama maji. Ila bei yake inapita dola 100 hata kabla ya usafiri, nayo hufungwa kwenye kava au kishikio maalumu. Kwa mtu anayeandaa mafunzo au anayepiga kila wiki, nasema inunue. Wengine wasome nafasi ya pili.

Ya pili ni seti ya vipande vitatu inayouzwa kila mahali, kuanzia maduka ya vifaa vya simu Kariakoo hadi wachuuzi wa stendi. Yangu niliipata kwa shilingi 15,000 na imenipa picha nyingi kuliko kifaa chochote nilichowahi kumiliki. Wengi huitupa wakidhani ni mbovu kwa sababu hawakuambiwa jambo moja: lenzi ya makro imefichwa chini ya lenzi pana, ile ya kuonyesha eneo kubwa. Fungua kipande cha juu kama unavyofungua kifuniko cha chupa. Kinachobaki kwenye kibanio ndicho makro. Kasoro yake ni kwamba katikati ni safi lakini pembeni mambo huyeyuka na kuwa na rangi za zambarau. Basi mweke mdudu katikati, ukate pembeni.

Ya tatu ni lenzi ya aina inayoitwa ya milimita 100. Kama simu yako ina kamera ya kuvuta mbali, ya ×2 au ×3, badilisha mpangilio wangu wote: lenzi hii inapanda hadi ya kwanza. Kampuni ya Apexel wanaitengeneza, na hufanya kazi ukiwa sentimita 4 hadi 7 kutoka kwa mdudu. Umbali huo ni neema. Mwanga unaingia kutoka pande zote, mdudu hashtuki, kioo hakilowi. Baadhi ya vifurushi vyake huja na kichujio cha polaraizi, ambacho ukikizungusha hupunguza ule mng'aro mweupe juu ya maji. Lakini juu ya kamera kuu pekee haikuzi vya kutosha; kiluwiluwi atatokea kama uzi. Usiinunue kama simu yako haina kamera hiyo ya pili.

Ya nne ni ×25. Ninayo, na naitumia kwa kazi moja: kuona kucha za wadudu. Ukigeuza mawe kwenye vijito vinavyoshuka Uluguru utakuta tunutu bapa, na wa makundi mawili hufanana sana. Wa kundi la Ephemeroptera wana matamvua ubavuni mwa tumbo na ukucha mmoja mwishoni mwa kila mguu. Wa Plecoptera wana kucha mbili mguuni na mikia miwili. Hawa wa pili huhitaji maji safi yenye oksijeni nyingi, kwa hiyo kujua uliyempata ni yupi ni kujua jambo kuhusu mto wenyewe. Njia ya kupima mito kwa wadudu, kama TARISS ya hapa Tanzania, imejengwa juu ya utambuzi wa aina hii. Kwa ×25 ukucha unaonekana. Ila sehemu iliyo kwenye fokasi ni nyembamba kuliko ukucha wa mtu, na bila kuegemeza mkono hupati kitu. Iwe lenzi ya pili, isiwe ya kwanza.

Hadubini za mfukoni za ×60, ×100 na ×200 naziweka mwisho kabisa. Nilinunua moja dukani kwa maelezo kwamba "itaona hadi macho ya mbu". Iliona, kweli, mbu aliyekufa aliyebanwa kwenye kipande cha kioo. Mdudu hai ndani ya maji haiwezi.

Nisisitize mpaka wa vifaa vyote hivi. Mwaka 2022 Anopheles stephensi, mbu wa malaria kutoka Asia anayependa matangi na mapipa ya mijini, aligunduliwa Marsabit, Kenya. Picha ya simu itakuonyesha kwamba kiluwiluwi wa pipani kwako ni Anopheles, na hilo linatosha kumwaga maji yale juu ya ardhi kavu. Ni spishi gani, hiyo ni kazi ya maabara. Wadudu wa mtoni, kinyume chake, warudishe mtoni walikotoka, na vaa buti za mpira, maana kwenye maji yanayokwenda polepole kuna kichocho.

Dukani nenda na rula na simu utakayoitumia. Bana lenzi, piga picha ya rula, kisha hesabu milimita zinazoonekana na uangalie ni ngapi kati ya hizo zina mistari mikali. Zikionekana milimita 30 na 20 za katikati ni safi, umepata lenzi. Namba za kwenye boksi husema uongo mara nyingi, na maneno "4K HD" hayana maana yoyote kwenye lenzi. Hakikisha kibanio kinafika hadi kamera kuu, kwani simu za sasa zina kamera zilizo mbali na ukingo wa simu kuliko meno ya kibanio yanavyofika. Angalia pia kama simu inaruka yenyewe kwenda kamera pana unapokaribia kitu. Picha ikiruka au ikawa nyeusi ghafla, zima makro ya kujiendesha kwenye mipangilio kabla hujailaumu lenzi. Muuzaji akikukataza kufungua boksi ujaribu, nenda duka la jirani.