Jezi ya Napoli 2022-23, Osimhen namba 9: chukua ipi, acha ipi

Kama pesa yako inatosha jezi moja tu ya Victor Osimhen, mshambuliaji wa Nigeria, chukua ya Napoli ya Italia, ya nyumbani, msimu wa 2022-23, na hakikisha haina ngao kifuani. Naanza na hilo kwa sababu kuna wauzaji mtandaoni wanaoipigia debe jezi yenye kale kangao ka kijani, nyeupe na nyekundu kuwa ndiyo "jezi ya ubingwa". Mmoja alinitumia picha zake na kunihakikishia kabisa kwamba ndiyo aliyovaa Osimhen siku ya kutwaa kombe. Nikamwambia hapana. Italia, bingwa huvaa ngao msimu unaofuata. Yenye ngao ni ya 2023-24, msimu ambao Napoli walipitia makocha watatu na kumaliza nafasi ya 10. Osimhen alifunga mabao 15 ya ligi hata hivyo, lakini si msimu ambao mtu angependa kuuning'iniza ukutani.

Yangu niliipata kwa muuzaji mwingine, safi, na lebo zake za ndani zikiwa kamili. Buluu yake ndiyo ile yenyewe ya Napoli, nembo ya N upande wa moyo, alama ya EA7 ya Armani, watengenezaji wa jezi, upande wa pili, na katikati kibandiko chekundu cha Lete. Hapo kwenye Lete nilikaa nikipaangalia kwa muda. Lete ni kampuni ya maji ya kunywa. Aliyelibeba jina hilo kifuani akiwa kinara wa mabao wa Serie A, ligi kuu ya Italia, ni kijana wa Olusosun, Lagos, jirani na jalala kubwa la jiji, aliyekuwa akikimbizana na magari kwenye foleni kuuza maji ili nyumbani wapate kula. Sidhani kama aliyeichora jezi hii alikuwa na habari hiyo, lakini kwangu ndiyo sehemu yenye thamani kuliko zote.

Kitambaa ni chepesi, hakishiki jasho, na mishono ya mabegani imetulia. Mimi huvaa L; nikachukua XL kwa sababu napenda jezi iachie mwili. Baada ya kufuliwa mara kadhaa rangi haijapauka.

Kilichoniudhi ni maandishi ya mgongoni. Jezi ilikuja tupu, nikaipeleka kwa wachapaji wa jina na namba, na kazi waliyofanya ni ya haraka haraka. Tisa nyeupe imekaa sawa, lakini herufi M ya OSIMHEN imeanza kubanduka pembeni, na ukipitisha kidole unasikia gundi. Tafuta ambayo jina lilichapwa tangu ilipouzwa mara ya kwanza, hata kama bei itapanda kidogo. Na uifue kwa maji baridi, ukiwa umeigeuza nje ndani.

Kuna walioniuliza kwa nini hii na si ya Lille ya Ufaransa, au ya Charleroi ya Ubelgiji ambayo ni adimu zaidi. Hizo nazo zina heshima yake. Baada ya kuchukua kiatu cha dhahabu Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 kule Chile mwaka 2015, kwa mabao 10, Osimhen alikwenda Wolfsburg, Ujerumani, na kuondoka bila bao hata moja la ligi. Klabu mbili za Ubelgiji zikamfanyia majaribio na kumkataa. Charleroi ndio waliompokea, akawafungia mabao 20, Lille wakamnunua, na mwaka 2020 Napoli wakatoa dau lililotajwa kuzidi euro milioni 70. Anayeijua safari hiyo atazithamini jezi zote.

Lakini 2022-23 ndiyo kilele. Mabao 26 katika mechi 32 za ligi, Mwafrika wa kwanza kuwa mfungaji bora wa Serie A. Tafuta bao lake dhidi ya Roma, Januari 2023: krosi ya mwenzake Kvaratskhelia inamkuta ndani ya boksi, anaituliza kwa kifua, anaigusa kwa paja bila mpira kufika chini, kisha anaipiga kombora. Smalling, beki wa Roma, yuko palepale na hana la kufanya. Halafu Mei 4 kule Udine, dhidi ya Udinese, kipa anatema mpira, Osimhen anausukumia nyavuni, sare ya 1-1, na Napoli wanakuwa mabingwa kwa mara ya kwanza tangu 1990. Mwisho wa mwaka akatajwa Mwanasoka Bora wa Afrika, Mnigeria wa kwanza tangu Kanu mwaka 1999.

Muuzaji aliniongezea barakoa nyeusi ya plastiki, bure. Usiilipie hata senti. Ile anayovaa Osimhen mwenyewe uwanjani ilianza kama kinga, baada ya kuvunjika mifupa ya uso alipogongana na Skriniar wa Inter, Novemba 2021. Hii ya plastiki inakata masikio.

Kwa wanaotaka kitu cha karibuni zaidi, ipo ya Galatasaray, nyekundu na njano, namba 45. Hapo napo hesabu nyota juu ya nembo. Uturuki kila mataji matano ya ligi ni nyota moja, na taji la 25 lilipatikana Mei 2025, Osimhen akiwa kwa mkopo na akiongoza ligi kwa mabao 26. Kwa hiyo jezi ya msimu huo ina nyota nne. Yenye tano ni ya baada ya klabu kumnunua moja kwa moja kwa euro milioni 75, nayo ni halali kabisa, mradi muuzaji asikuambie ni ya 2024-25.