Mazungumzo ya historia Kirumba: kiingilio ni halali kabisa, spika ndo majanga

Wale mnaoniuliza kama yale mazungumzo ya historia ya jioni kwenye mgahawa wa ghorofani huku Kirumba, Mwanza, yana maana au ni kupigwa hela tu, mi nasema nendeni, ila wahini viti vya mbele maana spika yao inakoroma na kuna feni inanguruma kumshinda mtoa mada. Kiingilio 5,000, unapata chai ya maziwa na sambusa mbili. Chai iko poa, sambusa zilikuwa za baridi, tuachane nazo.

Mada ilikuwa jinsi watu wa Ulaya ya karne ya 16 na 17 walivyokuwa wanashawishiwa kisiasa, zile siasa za sisi wanyonge dhidi ya wakubwa. Nkajua leo nasinzia. Kumbe jamaa hakuanza na wafalme, kaanza na muuza samaki! Masaniello, kijana wa miaka 27 wa Naples huko Italia, mwaka 1647. Naples ilikuwa chini ya Hispania, Hispania iko vitani na inataka hela, basi wakaweka ushuru kwenye matunda, ambayo ndo chakula cha maskini wa mji ule wakati wa joto. Tarehe 7 Julai ukazuka ubishi sokoni nani aulipe huo ushuru, anayeleta mzigo au anayenunua, matunda yakamwagwa chini, mara mji mzima uko barabarani. Meza ya wafanyabiashara wa dagaa wa Mwaloni ikachangamka hapo, mama mmoja akasema "sasa huo ubishi si wa kila asubuhi huu" ukumbi mzima ukacheka.

Ila utamu wenyewe ni alivyofungua kile walichokuwa wanapiga kelele. Umati ulikuwa unasema mfalme wa Hispania aishi, utawala mbovu ufe. Yani mfalme hana kosa, wabaya ni hawa waliomzunguka. Jamaa akakaa hapo muda mrefu na alifanya vizuri, maana ukisema hivyo unaweza ukachoma nyumba za wakusanya ushuru na bado ukajiita raia mtiifu, hata yule mwoga anapata pa kuingilia. Na nyuma ya kijana alikuwepo mzee mwanasheria, Giulio Genoino, aliyekuwa anapigania nafasi ya wananchi wa kawaida kwenye uongozi wa mji toka zamani. Kijana anahutubia, mzee anapanga. Njaa inawatoa watu nje lakini lazima awepo wa kuwaambia njaa hiyo kaileta nani, hivyo ndo nlivyoelewa mimi.

Tarehe 16 Julai, hata siku kumi hazijaisha vizuri, Masaniello akauawa na kukatwa kichwa, na baadhi ya watu walewale waliomshangilia wakashangilia kifo chake. Kisha mkate ukapunguzwa uzito, wakakumbuka, wakaenda kuuchukua mwili wakaurudishia kichwa wakamzika kama mkubwa fulani hivi. Aisee.

Baada ya chai ikaja Ujerumani, hapa alikimbia sana. Projekta ikatuonyesha picha za kijitabu cha 1521 kutoka karakana ya Lucas Cranach, upande mmoja Yesu anawaosha wanafunzi miguu, upande wa pili Papa anabusiwa miguu. Huhitaji kujua kusoma, na wengi kipindi kile walikuwa hawajui, mmoja anasoma kwa sauti wengine wanaangalia picha. Nlitaka tukae hapo, yeye akarukia vita vya wakulima vya 1525, na Martin Luther, yule mtawa aliyempinga Papa na ambaye wakulima walimtegemea, akawageuka akaandika wapigwe bila huruma, umeme ukakatika na genereta hawana. Kuna kijana wa chuo aliuliza kama Luther aliwatumia wale wakulima ama waliomsikia vibaya ni wao, akajibiwa juujuu tu. Swali zuri lile, lilistahili zaidi.

Nawapa nyota nne. Mada ijayo ni Uingereza, wale wanajeshi waliobishana Putney, karibu na London, mwaka huohuo wa 1647 kama maskini naye apige kura. Lipeni kwa simu mapema, mlangoni hawana chenji, na wenye bodaboda pakini upande wa nyuma maana mbele mlinzi ni mkali.