Prezi, Canva na Google Slides: nimezitumia zote darasani, na moja ilitaka kuniponza boda

Nafundisha jiografia sekondari huku Arusha, na hizi programu tatu za slaidi nimezitumia kwa zamu mwaka mzima kwahiyo haya sijasimuliwa na mtu.

Prezi kwanza. Hii haiendi slaidi moja baada ya nyingine, ni kama ubao mmoja mkuuubwa unatembea juu yake, unavuta karibu, unarudi mbali. Kwa jiografia ni tamu jamani. Nilianza na ramani ya Afrika, nikashuka Bonde la Ufa, nikashuka tena mpaka Ol Doinyo Lengai, darasa kimyaa hata wale wa nyuma, ndo nikawaambia hii ndiyo volkano hai pekee duniani inayotoa lava ya kaboneti. Tatizo nikanogewa, kila neno nalizungusha, mpaka mtoto mmoja akasema mwalimu nasikia kama nipo kwenye basi la kupanda Lushoto. Na ya bure inataka intaneti muda wote, ukitaka kuitumia bila mtandao unalipia. Kwa bando letu hili, mh.

Sasa nikaitwa semina ya walimu Nairobi. Tuko kwenye shato, tumepita Longido, mwalimu mwenzangu akanipigia na mimi kwenye simu sauti yangu ni ya darasani hata nikinong'ona. Nikamwambia sikiliza, mimi na Prezi basi, bila hela hakuna kitu, watu wanaumwa vichwa tu, kesho saa tatu asubuhi tunabadilisha, nimeshaongea na walimu wote wako tayari.

Mama wa Kikenya pembeni yangu akanigusa bega taratibu. "Mwalimu, hiyo maneno ya kutoa prezo si ungengoja kwanza tuvuke boda?"

Mimi wala sikumuelewa. Nikamjibu usijali mama, tunaweka Canva.

"Kanva? Huyo ni wa wapi?"

"Wa Australia."

"Ngai!" Akauvuta mkoba wake kifuani, dereva naye naona ananiangalia kwenye kioo. Namanga ile pale mbele. Ikabidi nifungue laptopu nimwonyeshe kuwa Prezi ni jina walilotoa Wahungari mwaka 2009, kwao ni kifupi tu cha prezentesheni, wala hawakujua kama Kenya prezo ni rais. Alicheka mpaka tunagonga mihuri bado anacheka.

Haya, huyo Canva mwenyewe. Templeti ni nyingi na nzuri, mwalimu wa shule ya msingi au sekondari ukithibitisha kazi yako unapewa ile ya elimu bila kulipa, wengi hawajui hili. Ila ukiihamishia PowerPoint fonti zinahama hama, kichwa cha habari kinaangukia kwenye picha. Shusha PDF tu. Kitu cha kujongea utakikosa lakini utalala usingizi.

Google Slides haina mbwembwe, inajisevu yenyewe, walimu wanne mnaweza kuandika faili moja kwa pamoja, na bila mtandao inafanya kazi ilimradi uliiwasha hiyo sehemu kabla, ukiwa bado una mtandao. Mitihani na kazi za kikundi mimi nipo huku.

Siku ya semina nilikuwa nimekesha nahamishia kila kitu Canva, na PDF yake kwenye flashi. Dakika ya kumi intaneti ya ukumbi ikafa. Wenzangu wawili walikaa wanaangalia kile kiduara kinazunguka, mimi nikachomeka flashi nikaendelea. Kwahiyo kama shule yenu mtandao ni wa kubahatisha: Canva, PDF, flashi. Prezi ibaki ya somo moja moja la ramani, siku bando lipo.

Jioni simu ikalia, meseji ya yule mama, tulibadilishana namba pale boda: "Mwalimu, mlifaulu kumtoa?"

Nikamjibu ametoka, Kanva tumemficha kwenye flashi.