Ununuzi wa chakula kwa jumla Mombasa: wapi uende kwanza, wapi uende mwisho

Huko Marekani watu wenye familia kubwa hununua chakula kwenye maduka ya ghala ya uanachama. Linalojulikana zaidi ni Costco: unalipa ada ya mwaka, ambayo tangu Septemba 2024 ni dola 65 kwa kadi ya kawaida, unaonyesha kadi mlangoni, kisha unakuta bidhaa zimepangwa juu ya paleti katika pakiti kubwa. Kwetu Mombasa kazi hiyo imegawanyika baina ya holseli, soko la Kongowea, supamaketi na Marikiti, soko la zamani la mjini. Kadi haihitajiki. Kinachohitajika ni kujua kila mahali panafaa kwa nini, na kukumbuka kwamba mji huu una joto na unyevu ambao hula akiba yako ndani ya stoo kama hukujipanga.

Kwanza hesabu, maana ndipo wengi wanapokosea. Tuseme gunia la mchele la kilo 25 ni shilingi 3,500 holseli, na duka la mtaani kilo ni 160. Kilo ya gunia imekuwa 140, umeokoa 20 kwa kila kilo, jumla 500. Tuktuk ya kwenda na kurudi ikila 400, safari nzima imekuletea mia moja. Namba hizi ni za mfano, bei hubadilika kila wiki, lakini hesabu yenyewe haibadiliki: gawanya bei kwa kilo, ongeza nauli. Ukipakia mchele, bale mbili za unga na mtungi wa mafuta katika tuktuk hiyo hiyo, nauli inagawanyika na safari inaanza kulipa. Usitoke kwa kitu kimoja.

Nafasi ya kwanza: holseli za Mwembe Tayari na jirani zake

Kwa vyakula vikavu na mafuta, hapa ndipo pa kuanzia. Bei ya bale huwa ni moja kwa mwenye duka na kwa mama wa nyumbani, ilmradi ununue bale nzima.

Unga wa sima huja kwa bale ya pakiti 12 za kilo mbili, yaani kilo 24. Nyumba ya watu sita inayopika sima mara moja kwa siku hutumia kama gramu 800 kwa mpiko, kwa hiyo bale moja ni mwezi mmoja. Hicho ndicho kipimo cha kununua: mwezi, si miezi mitatu. Usilete kwa jumla unga uliosagwa mzima kwenye mashine ya mtaani. Ule una kiini cha hindi, kiini kina mafuta, na mafuta hayo huchacha kwa joto la hapa ndani ya wiki chache. Unga uliokobolewa ndio unaovumilia.

Kabla ya kulipa, igeuze bale. Angalia kona za chini: vumbi la unga linalovuja, matundu madogo kama ya sindano, au utando mwembamba kati ya pakiti na pakiti ni dalili kwamba wadudu wameshaingia. Soma tarehe kwenye pakiti mbili tofauti, si ile ya juu tu. Alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya (KEBS) ina namba ya kibali chini yake. Tuma ujumbe wa SM# ukifuatiwa na namba hiyo kwenda 20023, na utajibiwa kibali ni cha bidhaa gani na cha kampuni gani. Fanya hivyo hasa kwa jina la unga usilolijua.

Ukifika nyumbani na una friza, weka pakiti ndani kwa siku nne. Baridi huua mayai ya wadudu ambayo macho hayayaoni. Ukizitoa, ziache zimefungwa mpaka zirudi joto la kawaida ndipo uzifungue, la sivyo jasho la hewa litaganda kwenye unga wenyewe na kuleta ukungu. Hatua hii ndogo wengi huiruka, na ndiyo inayoharibu kazi yote.

Mafuta: mtungi wa lita 20 ndio wenye bei nzuri, na ndio wenye ujanja mwingi. Soma lebo kama imeandikwa lita au kilo, kwani si kitu kimoja. Lita moja ya mafuta ya kupikia ina uzito wa takriban gramu 910, hivyo lita 20 ni kama kilo 18.2, bado hujahesabu plastiki. Mtungi ukisoma chini ya kilo 18 kwenye mizani pamoja na plastiki yake, umepunjwa. Angalia kifuniko: pete ya chini iwe imeshikana, isiwe imekatwa na kurudishwa. Mafuta ya mawese yakiwa na mawingu meupe asubuhi ya baridi ya kusi, hayajaharibika. Yameganda kidogo tu, yatayeyuka jua likipanda. Ukifungua, mimina ya wiki kwenye chupa ndogo, mtungi ufunge na uuweke gizani. Kufungua mtungi mkubwa kila siku huingiza hewa, na hewa ndiyo inayoleta ile harufu ya rangi ya mbao.

Mchele unataka subira. Usinunue gunia kwa jina lililochapwa. Pishori ya Mwea huchanganywa sana na mchele wa nje usionukia, na gunia likishashonwa huwezi kujua. Nunua kilo moja ya gunia lile lile, upike, ndipo urudi. Ukiwa dukani, chukua konzi, lisugue kati ya viganja viwili, kisha upumulie ndani na unuse. Pishori yenyewe inanukia hapo hapo, mbichi. Viganja vikitoka na vumbi jeupe jingi, mchele umekaa sana au umevunjika. Kukaa si kosa kila mara: mchele wa zamani hunywa maji mengi na haushikani, kwa pilau na biriani ndio unaotakiwa. Mchele mpya hulainika upesi, mzuri kwa wali wa nazi. Mwenye holseli anayejua kazi yake atakwambia upi ni upi ukimuuliza unapika nini.

Sukari ya gunia la kilo 50 haiozi. Hushika mabonge tu kwa unyevu. Tatizo ni sisimizi na ukubwa. Gawaneni nyumba mbili au tatu.

Maharagwe, mbaazi, kunde na pojo ndiyo eneo ambalo tungependa watu wajizuie. Mikunde ikikaa kwenye joto na unyevu kama wetu, ganda na kiini hubadilika, na haiivi tena hata uichemshe nusu siku. Gesi unayounguza inakula akiba yote. Ununue ya wiki sita, isizidi. Tafuna punje moja: iliyokauka vizuri hupasuka kwa mlio, inayobonyea chini ya jino bado ina maji na itaota ukungu.

Kama unanunua mahindi yenyewe ya kusaga, kuna jaribio ambalo kila mnunuzi anafaa kulijua. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia mahindi hadi robo, weka vijiko viwili vya chumvi kavu, funga, utikise dakika mbili, kisha iache itulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi yana maji zaidi ya asilimia 15, yaache hapo hapo. Isiponata, yako chini ya hapo, lakini kiwango cha Kenya ni asilimia 13.5, kwa hiyo bado yaanike juani siku nzima kabla ya kuyatia guniani. Hili si jambo la ladha. Ukungu wa mahindi mabichi hutoa sumu ya aflatoksini, ambayo haiondoki kwa kuosha wala kwa kupika, na mwaka 2004 iliua zaidi ya watu mia moja mashariki mwa Kenya.

Nafasi ya pili: Kongowea

Kwa mboga, matunda, viazi, vitunguu na nazi, hakuna pa kushindana nayo. Imekuwa ya pili kwa sababu moja tu: vitu vya hapa huoza, na anayenunua kingi kuliko anachokula amenunua taka kwa bei nafuu.

Nenda alfajiri, malori yakishusha. Saa nne asubuhi bei ya jumla imeshakuwa ya rejareja na nyanya zimeshapigwa jua. Beba vikapu na magunia yako; mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017. Beba pia mizani ndogo ya kuning'iniza, ile ya kupimia mabegi ya safari. Gorogoro, lile kopo la kupimia, lililobondwa tako au lililowekwa kartoni chini hupunguza konzi nzima, na mizani yako humaliza mabishano bila kelele.

Viazi: kanuni za 2019 zinataka gunia lisizidi kilo 50, lakini lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, bado unaiona, na wengine hushindilia viazi vikubwa juu na vidogo chini. Omba gunia limwagwe, au ununue kwa kilo. Gunia zima kwa nyumba moja ni kosa: kwa joto letu viazi huanza kuota ndani ya wiki mbili au tatu, na vikipata mwanga hugeuka kijani, vichungu, visivyofaa kuliwa. Nyumba tatu mkigawana ni kilo 16 na ushei kila moja. Viweke gizani penye hewa, mbali na vitunguu, maana vikikaa pamoja vinaharibiana.

Kreti ya nyanya iulize tabaka la chini, siyo la juu. Ukifika, mimina zote, uzigawe mafungu matatu: ngumu, za kati, laini. Laini zipike siku hiyo hiyo na mafuta kidogo mpaka maji yakauke, utie kwenye vikopo vya mchuzi mmoja mmoja na ugandishe. Vitunguu vibonyeze shingoni. Shingo laini inaoza kwanza. Vitandaze, usiviache ndani ya neti.

Nazi itikise, usikie maji, kisha tazama macho matatu: yawe makavu, bila ukungu wala unyevu. Nazi iliyo na makumbi bado huishi miezi. Iliyofuliwa wiki chache tu. Nunua nyingi za makumbi kama una mtu wa kufua. Zilizofuliwa ukiona zinakushinda, keti kwenye mbuzi, uzikune zote, ugandishe nazi iliyokunwa kwa mafungu ya chungu kimoja.

Hamali na mwenye mkokoteni patana naye bei kabla hajagusa mzigo.

Nafasi ya tatu: supamaketi kubwa

Naivas, Carrefour na nyinginezo za Nyali na kisiwani zina nafasi yao: maziwa ya boksi kwa katoni, sabuni, tambi, vitu vya kugandishwa, na ofa za mwisho wa mwezi. Una risiti na unaweza kurudisha. Lakini pakiti kubwa haina ahadi ya kuwa nafuu. Pakiti ya kilo mbili mara nyingine ni ghali kuliko mbili za kilo moja zilizo kwenye ofa, na mche wa sabuni wa gramu 800 hufanana machoni na wa kilo. Soma gramu, gawanya kwa simu.

Kuku na samaki wa friza wachukue mwisho, ukielekea kulipa. Pakiti yenye barafu iliyojikusanya chini, au vipande vilivyoshikana bonge moja, imewahi kuyeyuka ikagandishwa tena. Nyumbani, friza iliyojaa hubaki na baridi kama saa 48 stima ikipotea, ilmradi usifungue mlango. Iliyojaa nusu, kama saa 24. Anayepotelewa na stima mara kwa mara asinunue nyama ya mwezi.

Nafasi ya nne: Marikiti, kwa viungo tu

Kwa viungo ingekuwa ya kwanza. Nunua vizima, usage mwenyewe. Cha unga ni rahisi kuchanganywa na kingine. Karafuu itie kwenye glasi ya maji: iliyo na mafuta yake huzama au husimama wima, iliyokamuliwa hulala juu. Iliki iwe ya kijani na nzito mkononi. Gramu 250 za kila kitu zatosha, harufu haingoji.

Nafasi ya tano: duka la mtaa

Bei ya kilo ni ya juu, lakini usilitupe. Chumvi, hamira, kiberiti na majani ya chai havistahili nauli ya tuktuk. Na mwenye duka wako mara nyingi ana mizani halali iliyopigwa muhuri. Siku mnapogawana gunia la sukari nyumba tatu, mwombeni awapimie. Mkigawa kwa kikombe, wa mwisho kupimiwa ndiye anayepata upungufu wote, na mwezi ujao hatarudi kununua nanyi.